Likizo ya Unguja: Nani Alipumzika?

BABA: Siku za Jambiani ndizo zilizokuwa likizo, na hilo nitalisema mbele ya yeyote. Kule hotelini Nungwi tulilipa fedha nyingi ili tukae kando ya bwawa la kuogelea, na bahari inaonekana pale mbele. Mabwawa hata Mbezi yapo. Mtoto anavushwa kwa boti kutoka Dar, mwendo wa karibu saa mbili, kusi inavuma na abiria wanatapika kwenye mifuko, halafu arudi shule kusimulia bwawa na chipsi. Huyo alikwenda Unguja kufanya nini?

MAMA: Alikwenda kupumzika, na mama yake alitarajia hivyo hivyo. Baba Salma, tusimulie basi hiyo nyumba ya Jambiani kwa upande wa jikoni. Asubuhi ulikuwa unakaa barazani na kikombe chako, unatazama ngalawa. Hiyo chai ilijipika? Siku ya pili ukaenda diko, ukarudi kifua mbele na changu watano, hata magamba hawajaparuliwa. Nani aliwaparura? Gesi ikaisha wali haujakauka. Nazi nimekuna kwa mbuzi ya kuazima, mguu mmoja unazuia mlango usipigwe na upepo. Nilibeba jiko langu la Tabata nikaenda kulifungua Jambiani, basi.

BABA: Tungeweza kumtafuta mtu akapika.

MAMA: Tungeweza. Lakini samaki hawakuparuliwa na "tungeweza".

MKULIMA WA MWANI: Mie niseme, maana nyumba mliyopanga naipita kila siku nikienda pwani. Wapishi wapo. Mngemuuliza hata mwenye duka angewaitia mtu, mkala pweza wa nazi na mkate wa kumimina, na huyo mpishi naye akapata ada za skuli. Hamkuuliza. Watu wa Dar mnakuja mnafunga mlango, maji ya chupa mmekuja nayo, mchele mmekuja nao, hata vitunguu. Siku mnaondoka ndiyo mnaniamkia. Halafu mnasema mmeishi na wenyeji.

BABA: Shikamoo, shangazi. Hilo la vitunguu nalipokea. Lakini watoto walikuja shambani kwako, ukawaonyesha kufunga mwani kwa tai-tai. Hilo wangelipata wapi hotelini?

MKULIMA WA MWANI: Marahaba. Walikuja, ndiyo. Wale wawili wadogo walinikanyagia kamba mbili nzima, mbegu zikakatika, nikanyamaza kwa kuwa ni wageni. Huyo Salma alikaa akafunga vizuri: unachukua kichipukizi, unakizungushia tai-tai, usikibane sana kikakatika, usikilegeze kikachukuliwa na maji. Halafu kamba inakwenda kukazwa kwenye vigingi, baada ya wiki sita hivi unavuna, unaanika, unasubiri mnunuzi. Bei anapanga yeye. Mtoto kafunga vichipukizi ishirini, mmempiga picha mia. Sisemi kwa ubaya. Nasema kwangu ile ilikuwa kazini.

MHUDUMU WA HOTELI: Mnaona sasa? Mgeni anayekaa hotelini hamkanyagii mtu kamba. Kila mtu anajua nani yuko kazini na nani yuko mapumzikoni. Mimi niko kazini, natabasamu, nimelipwa. Mama amelala kwenye kiti, hana deni la kumwamkia mtu. Kwa heshima yako, kaka, nimewahudumia akina baba wengi wa aina yako. Wanalalamika kwamba hoteli si Afrika halisi, na wao ndio wa kwanza kurudi kwenye bufe mara ya tatu.

BABA: Bufe yenyewe tambi na viazi! Nimetoka Tanzania nikaja Tanzania nikala tambi.

MHUDUMU WA HOTELI: Pilau ilikuwepo.

BABA: Usiku mmoja, imepangwa kwenye chungu cha maonyesho na kijana amevalishwa kanzu.

MAMA: Na mimi niliila, sikuosha sahani. Hapo ndipo mjadala unaponishinda. Baba Salma anataka watoto wapate maarifa. Sawa, mtoto ajifunze. Lakini kila anapotaka watoto wajifunze, kuna mtu anayepaswa kuchemsha maji. Wanaume wakisema maisha rahisi ya kijijini, rahisi kwa nani? Kule Nungwi, asubuhi ya kwanza, niliamka saa mbili. Sikumbuki mara ya mwisho kuamka saa mbili na sina homa.

MWANDISHI: Hapa niingize neno, maana katika kupanga likizo za familia sijasikia swali hili likiulizwa kabla ya nauli kulipwa. Huulizwa bei, huulizwa bahari ikoje, huulizwa kama kuna intaneti. Nani ataosha vyombo, haliulizwi.

MAMA: Na hiyo bahari tuiseme. Jambiani watoto wameamka, wamejipaka mafuta, wamevaa maboya yao, tunatoka saa nne asubuhi na bahari haipo. Imeondoka. Mchanga, matope, majani, na vile vidudu vyeusi vya miiba ambavyo Juma alikanyaga kimoja akalia mpaka adhuhuri.

MKULIMA WA MWANI: Ilikuwa bamvua. Mwezi umeandama juzi yake. Wakati wa bamvua maji hukauka saa nne asubuhi na hujaa saa kumi jioni, na yakijaa utayakuta yamepanda karibu mita nne kuliko ulivyoyaacha. Mngekuja wiki moja baadaye, maji mafu, yasingekwenda mbali vile. Watu wanaangalia tarehe ya shule zikifunga, mwezi hawauangalii.

BABA: Ndiyo maana nasema Jambiani palikuwa na elimu! Salma siku ya tatu alikuwa anajua. Alikuwa anatuambia, baba tusiende sasa, twende alasiri. Mtoto wa kidato cha kwanza anasoma kupwa na kujaa kwenye kitabu cha jiografia, halafu anakuja kuona maji yenyewe yakipita mbele ya baraza. Twende kule Nungwi: maji hayaendi mbali, saa zote unaogelea, hakuna cha kujua.

MHUDUMU WA HOTELI: Ndiyo sababu hoteli zimejaa upande huo, kaka. Mgeni ana siku chache. Anataka akitoka chumbani aikute bahari. Hatuwezi kumwambia mtu aliyesafiri na watoto watatu asubiri mwezi ukue.

MKULIMA WA MWANI: Na sie huku mashariki tukipata hoteli, wanachimba bwawa, kwa kuwa mgeni hana subira na maji ya Mungu. Bwawa linataka maji matamu. Maji matamu yanatoka wapi?

MAMA: Hata mimi nilitaka kuuliza. Ile nyumba sabuni haikutoa povu. Nilifua fulana mara mbili, bado zinanata.

MKULIMA WA MWANI: Chumvi hiyo. Kisima cha babu yangu tulikuwa tukinywa. Sasa tunafulia, na kufulia kwenyewe ndiko huko ulikokuona.

MWANDISHI: Kisiwa hiki upande wa mashariki ni jiwe la matumbawe. Mvua ikinyesha maji hupenya chini, yakakaa juu ya maji ya bahari kama utando wa mafuta juu ya mchuzi. Ukivuta kidogo, unapata maji matamu. Ukivuta kwa pampu kubwa mchana na usiku, chumvi inapanda. Mtafiti Stefan Gössling aliyafuatilia matumizi ya maji pwani hii, na katika makala yake ya 2001 alikadiria lita 685 kwa mgeni mmoja kwa siku, kama mara 15 ya mwenyeji. Tangu hapo hoteli zimeongezeka sana. Wageni kutoka nje ya nchi walioingia Zanzibar mwaka 2024 walizidi 700,000, na sensa ya 2022 ilihesabu wakazi 1,889,773 tu, Unguja na Pemba pamoja.

MHUDUMU WA HOTELI: Hoteli kubwa nyingine zina mitambo yao ya kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari. Tusizichanganye zote. Halafu hao 700,000 ndio wanaonilipa. Mimi natoka Muheza. Kwetu kuna machungwa, mshahara hakuna. Nina cheti, nina Kiingereza, nimejifunza Kiitaliano kwa kuwasikiliza wageni, na kila mwezi natuma pesa nyumbani. Mkisema watu wasikae hotelini, semeni pia mimi nirudi Muheza nikafanye nini.

MKULIMA WA MWANI: Hakuna aliyekufukuza, mwanangu. Lakini binti yangu kasoma chuo cha utalii Maruhubi, naye ana cheti. Kazunguka na bahasha yake hoteli baada ya hoteli. Kila akifika, nafasi imeshakwenda kwa mtu wa Bara au wa Kenya.

MHUDUMU WA HOTELI: Mama, na wewe niambie kweli. Mwanzoni ulimruhusu?

MKULIMA WA MWANI: Sikumruhusu. Kuna baa mle. Baba yake alisema binti yetu hatashika chupa ya pombe, na mie nilisema hivyo hivyo. Miaka miwili. Tulipolegea, waliotangulia walikuwa wameshakuwa wakubwa wa idara na wanaajiri ndugu zao.

MHUDUMU WA HOTELI: Basi na hilo liingie kwenye hesabu.

MKULIMA WA MWANI: Liingie. Na liingie pia kwamba jikoni hakuna baa, na ofisini hakuna baa, na hamkumpa hata huko.

BABA: Mnaona? Pesa ya hoteli inaishia getini. Umevaa bangili ya hoteli, kila kitu kimo ndani, huna sababu ya kutoa hata shilingi nje. Muuza madafu amekaa upande wa pili wa ukuta, anakutazama. Sisi Jambiani tulinunua samaki diko, tulinunua mkate kwa jirani, tulipanda daladala la chai maharage mpaka mjini tumebanwa na magunia ya ndizi. Pesa yetu iliingia mitaani.

MHUDUMU WA HOTELI: Na kodi ya nyumba, kaka? Ulimlipa nani?

BABA: Nililipa kwa simu. Kwenye programu.

MHUDUMU WA HOTELI: Mwenye nyumba ulimwona?

BABA: Nilipokelewa na kijana mwenye ufunguo.

MHUDUMU WA HOTELI: Huyo kijana ni mlinzi. Mwenye nyumba yuko ng'ambo, au yuko Dar, pengine mnakaa naye mtaa mmoja. Hoteli ninayofanyia kazi ina watu zaidi ya mia kwenye orodha ya mishahara, wana mkataba, wanakatwa michango ya uzeeni. Nyumba yako ya kijijini imeajiri kijana mmoja na ufunguo. Ukiweka changu watano na mikate kwenye mizani, bado hujanifikia.

MKULIMA WA MWANI: Kweli hiyo. Ile nyumba imesimama penye minazi ya babu yangu. Ardhi ya Zanzibar ni ya Serikali tangu baada ya Mapinduzi, sie tulikuwa na minazi. Alikuja mtu, akamhesabia babu minazi yake mmoja mmoja, akamlipa. Babu aliuza minazi, akadhani kauza minazi.

MAMA: Mungu wangu.

MKULIMA WA MWANI: Kwa hiyo mkibishana hotelini au mtaani, mie nawasikiliza tu. Kote mlilala juu ya minazi ya watu.

BABA: Shangazi, ukisema hivyo unatuambia tusije.

MKULIMA WA MWANI: Sikusema hivyo hata kidogo! Mwaka 2020 ndege zilipokatika kwa ajili ya korona, vijana wa mahoteli walirudi kijijini wamekaa vibarazani. Wengine walikuja kwangu kuomba kamba za mwani, watu ambao walikuwa wakituona wachafu. Na mwani wenyewe siku hizi haushibishi. Maji yamepata joto, ule mwani mnene wa bei nzuri unaoza, umebaki mwembamba wa bei ndogo. Akina mama wengine wanasaga wanatengeneza sabuni, wanawauzia nyinyi wageni. Msije tukaishi na nini?

MAMA: Sasa mimi niseme kitu ambacho Baba Salma atakifurahia, asicheke. Jioni moja Nungwi nilitembea pwani peke yangu, nimevaa dera, mkono umeifunika ile bangili. Kurudi, mlinzi akanisimamisha. "Dada, unakwenda wapi?" Mbele yangu wamepita Wazungu watatu, wana miguu ya mchanga, hakuna aliyeulizwa. Nikapandisha mkono nikamwonyesha bangili. Akasema samahani mama, karibu. Nilikwenda chumbani nikakaa kitandani. Nimelipa sawa na wao.

BABA: Hukuniambia.

MAMA: Ningekuambia, usingesema "si nilisema"?

MHUDUMU WA HOTELI: Kwa niaba ya wenzangu naomba radhi, dada. Lakini mlinzi yule anaagizwa. Papasi wakiingia ndani kuwasumbua wageni, kazi inayopotea ni yake.

MKULIMA WA MWANI: Papasi, papasi. Huyo mnayemwita papasi ni mtoto wa dada yangu. Kazaliwa hapo, kajifunza kuogelea hapo, leo akipita mbele ya hoteli anafukuzwa kwa jina la mdudu anayenyonya damu. Anauza safari za kwenda kutazama pomboo Kizimkazi. Hoteli nayo inauza safari hiyo hiyo, kwa dola, bei mara mbili. Nani anamnyonya nani?

MHUDUMU WA HOTELI: Wapo waungwana, na wapo wanaochukua pesa ya mtu asubuhi na boti haionekani. Wewe unamjua wako. Mgeni atamjuaje?

MKULIMA WA MWANI: Atamjua akituuliza. Lakini amefungiwa.

BABA: Mimi narudi pale pale. Hotelini tulifungiwa.

MAMA: Na mimi Jambiani nilifungiwa jikoni. Tusiongee kana kwamba kufungiwa ni kwa ukuta tu. Siku pekee tuliyokuwa sawa wote ni ile ya mjini. Bustani ya Forodhani, usiku, kila mtu na bakuli lake la urojo, Juma kamaliza kachori za dada yake, juisi ya miwa inakamuliwa na ndimu na tangawizi mbele ya macho yetu. Hakuna aliyepika, hakuna aliyevaa bangili, na pesa tumemkabidhi aliyetupikia mkononi. Salma akauliza Jumba la Maajabu mbona limezungushiwa mabati, tukamweleza kwamba upande mmoja ulianguka Desemba 2020 na watu wawili wakafa. Ameyapata hapo maarifa yako yote, na mimi nimekaa.

BABA: Basi likizo ijayo tukae Mji Mkongwe.

MAMA: Na bahari? Watoto hawatakubali.

BABA: Basi Jambiani tena, na tumlipe mpishi.

MAMA: Mpishi, na mtu wa kufua. Na fedha zake tuzitenge kwenye bajeti kabla ya nauli ya boti, nizione. Na wewe zamu ya vyombo usiku. Ukishindwa hata moja, mimi nakwenda Nungwi na wanangu, wewe ubaki barazani na ngalawa zako.

BABA: Vyombo nitaosha.

MAMA: Utaosha na hayo maji yasiyotoa povu. Utajua.

MHUDUMU WA HOTELI: Na mkija Nungwi, njooni Aprili au Mei kama shule zinaruhusu. Mvua ipo, ndiyo, lakini bei inashuka sana. Baadhi ya hoteli hufunga wakati huo na sisi wa mikataba ya msimu hurudishwa nyumbani bila mshahara mpaka Juni. Hilo nalo watu wa bufe hawalijui.

MKULIMA WA MWANI: Mie siwachagulii pa kulala. Mkilipia popote, hotelini au nyumba, pigeni simu kwanza muulize: njia ya watu kwenda pwani ipo wazi au imewekwa geti? Na maji ya bwawa na ya kuoga mnayatoa wapi? Atakayekasirika kwa kuulizwa hivyo, msimpe pesa yenu. Unguja haina uhaba wa vitanda. Na kabla ya kukata tiketi, angalieni mwezi.